Nyama ya Idi Siku ya Ijumaa

Ediofe, Arua
Jumatatu ya Wiki Takatifu

Kwa kaka yangu Umaru,

Assalaam alaikum. Usikunje uso. Nakusikia kutoka hapa ukisema kwamba mtu wa kanisa hana haki ya kutoa salamu hiyo. Mimi niliijua kabla sijajua kuvaa viatu, na aliyenifundisha ni yuleyule aliyekufundisha wewe, kwa hiyo ipokee. U hali gani huko Oraba? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa vumbi la malori? Shangazi Kaltumu ananiambia siku hizi magari yanalala foleni mpaka upande wa Kaya, na nyinyi maajenti wa forodha mnakula mkiwa mmesimama. Kula ukikaa, kaka. Hasifa na watoto natumaini hawajambo. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini kwa sababu utakayoisoma mbele, si kwa ugonjwa.

Najua hupokei simu yangu. Nimepiga tangu Idi mpaka yule mama wa kwenye mtandao, anayesema mteja hapatikani, amekuwa kama jirani yangu. Mwishowe nikasema basi, nitaandika, maana barua haina kitufe cha kukata. Unaweza kuichana, lakini nakujua: hujawahi kutupa kitu chenye maandishi kabla ya kukisoma, hata karatasi ya kufungia sukari ulikuwa unaisoma. Shangazi atakukabidhi mkononi, na nimemwomba asiondoke mpaka akuone umeifungua. Najua pia utasema ninaandika Kiswahili cha ubaoni. Ni kweli. Kile cha kambi za jeshi tulichokulia ninacho bado, lakini hiki ndicho kinachonilisha, na leo nataka kila neno lisimame mahali pake. Utaona kwa nini.

Nianze pale ambapo mimi na wewe tulikuwa bado sawa. Mwaka jana, baada ya kubatizwa usiku wa Pasaka, nilikuja Koboko mwenyewe kuwaambia. Sikutaka mlisikie kwa watu, ingawa watu walikuwa wameshasema yao: kwamba kuna mwanamume amenivuta, kwamba shule imenilazimisha, kwamba nimejengewa nyumba. Mwanamume hakuna, na kama yuko basi hajajitambulisha. Nyumba ni ileile ya kupanga, na paa linavuja palepale. Kanisani nilikwenda kwa miguu yangu, nikakaa viti vya nyuma muda mrefu nikisikiliza, kisha nikaomba mwenyewe kuingia. Nilikueleza hivyohivyo, nawe ulinisikiliza mpaka chai yako ikapoa. Halafu ukasema kwamba dini iko kati yangu na Mungu, na kwamba wewe unafanya kazi kwenye mpaka wa serikali, hufanyi kazi kwenye mpaka wa roho ya mutu. Nililia njia nzima nikirudi Arua kwa sababu ya maneno hayo, na kilikuwa kilio kizuri.

Lakini uliniwekea sharti moja. Ulisema umewaona wengine waliobadili dini wakaanza kukinyanyapaa chakula cha mama zao. Ukasema tangu Baba afariki wewe ndiye unayeangalia nyumba hii, na siku mkono wangu utakapokataa sinia letu, siku hiyo ndipo utajua nimetoka katika nyumba ya Baba. Nilikubali papo hapo. Niliona ni sharti jepesi kabisa, maana nani mwenye akili atakataa mapishi ya Mama?

Sasa nikueleze Kwaresima, kwa kuwa najua huijui, na mimi mwenyewe nimeijua mwaka huu. Mwaka jana siku kama hizi nilikuwa bado mwanafunzi wa ubatizo, naangalia wenzangu. Mwaka huu ndio wa kwanza kufunga nikiwa Mkristo kamili, na nilikuwa na hamu nayo kama mtoto anayengoja nguo ya sikukuu. Inaanza Jumatano ya Majivu. Unakwenda mbele, padri anachovya kidole katika majivu, anakuchora msalaba kwenye paji la uso, anakukumbusha kwamba wewe ni mavumbi. Nilitoka kanisani na msalaba wangu, nimejaa fahari ambayo nadhani haikutakiwa siku ile, nikashuka sokoni kununua nyanya. Shangazi Kaltumu alikuwa kwenye kibanda chake cha vitenge. Akaniuliza tangu lini mwalimu anapika kwa kuni, na kabla sijajibu alikuwa ameshalowesha ncha ya shali kwa mate na kunifuta uso kama mtoto wa chekechea. Majivu yangu ya kwanza yakaishia kwenye shali ya shangazi. Nilicheka mpaka nikashika meza yake, naye bila kujua anachekewa nini akacheka pia.

Siku ile nilifunga. Na mimi, kaka, nikiambiwa funga, najua namna moja tu, ile ya Baba: alfajiri mpaka magharibi, hata tone la maji hapana. Jioni mkatekista wetu, bwana mmoja mpole anayeitwa Ezati, alinikuta kwenye sala za jumuiya midomo imekauka, macho yako dirishani yanafuata jua. Akaniuliza kama naumwa. Nilipomweleza akashika kichwa. Akasema kwamba kwao siku ya kufunga mtu anakula mlo mmoja wa kushiba, na mingine miwili midogo, na maji anakunywa, na chai anakunywa. Nikamuuliza kama ananitania. Nilimwambia kwetu hiyo haiitwi kufunga, hiyo ni Jumanne ya kawaida ya mwalimu kabla ya mshahara. Akaongeza kwamba Jumapili hakuna kufunga kabisa, na hapo nikakubali kwamba nimeingia kwa watu wenye huruma.

Tulibishana vizuri tu. Mwishowe tukapatana kwamba Kwaresima nzima nitaacha sukari, nawe unajua mimi na sukari. Jumatano na Ijumaa nitafunga kwa njia ya Baba. Nyama Ijumaa hapana, hiyo ni sheria ya wote. Jumapili nile kama watu. Ezati alisema tangu aanze kufundisha hajapata kuona Mkristo mpya anayelalamika kwamba mzigo ni mwepesi.

Ramadhani nayo ikaingia wiki ileile. Sijui kama huko Oraba ulilifikiria jambo hilo, lakini mimi lilinipa nguvu. Siku zangu za kufunga nilikuwa naamshwa na mwadhini wa msikiti wa jirani, nakunywa uji wangu wa daku, nasali sala zangu, naenda kazini. Magharibi adhana inalia, majirani wanafungua, nami nafungua. Chai ya turungi bila sukari ilikuwa chungu mno, lakini nilikuwa naimeza nikiwafikiria nyinyi Koboko mko kwenye mkeka, na sikujiona niko mbali.

Ijumaa ya kwanza Shangazi alipita shuleni mchana kuniletea kitenge nilichomwagiza. Walimu wenzangu walikuwa wanakula posho na maharage, mimi nimekaa pembeni nasahihisha madaftari. Akaniuliza kwa nini sili. Nikamjibu kwamba nimefunga. Neno hilo tu, nimefunga, na nikaendelea kusahihisha. Akanitazama, macho yakamjaa machozi, akanibana mkono, akaondoka bila hata kuaga. Nilidhani ni uchovu wa saumu. Weka jambo hili akilini, nitalirudia.

Kisha nikaangalia kalenda nikaona Idi itaangukia Ijumaa, na hapo nikakuna kichwa. Nilijua kwamba nikija Koboko nitakuta nyama, na nilijua sharti lako. Nikapanga hivi: siku hiyo sitafunga, maana Idi ni Idi, na Mama anataka kuniona natafuna. Nitakula mikate ya gurusa, nitakula sambusa za dengu, nitakula kila kitu isipokuwa nyama. Nitamnong'oneza Mama mapema, yeye atanisogezea bamia isiyo na nyama, mkono wangu utakuwa katika sinia, sharti litatimia, na hakuna atakayejua. Mpango ulikuwa mzuri. Uliharibika pale mlangoni, kwa kuwa gari lilichelewa, na nilipofika Mama alikuwa amezungukwa na wanawake wa mtaa mzima, na wote wakanikumbatia kana kwamba nimetoka Hija. Mmoja alinibusu mikono. Nilishangaa, lakini nani anakataa mapenzi siku ya Idi? Sikupata hata nafasi ya kumvuta Mama pembeni.

Yaliyofuata unayajua, lakini nisikilize nikuambie yalivyokuwa upande wangu wa sinia. Ulikuwa umechinja yule ng'ombe kwa mkono wako mwenyewe, kanzu ina doa la damu kwenye kiwiko, na ulikuwa na furaha ambayo sijaiona kwako tangu tumzike Baba. Uliniita kutoka upande wa wanawake, jambo ambalo kwetu halifanyiki, ukanikalisha kwenye sinia lenu kati yako na Mzee Ramathan, aliyekuwa jeshini na Baba. Wageni wote wakanyamaza. Ukamega ini, kipande cha kwanza, kama Baba alivyokuwa akitumegea sisi kila Idi, kila mtoto kwa zamu yake, na ukaninyooshea mkono mpaka karibu na mdomo wangu. Niliiona ile nyama inatoa moshi. Nilisikia harufu ya bizari ya Mama. Nami nikasema: Kaka, mimi hapana kula nyama hii.

Nilisema kwa sauti ndogo, na kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza, wote wakasikia. Mzee Ramathan akarudisha mkono wake mapajani. Wewe ukaliweka ini chini taratibu, ukanawa mikono ambayo haikuwa imekula kitu. Ukasema bila kuniangalia kwamba kumbe sasa nyama ya mukono yako iko haramu kwangu. Ukapanda pikipiki ukaenda Oraba siku ya Idi, siku ambayo hata malori hayasogei. Nilikukimbilia mpaka kwenye lango na vumbi lako likaniingia mdomoni. Hicho ndicho nilichokula mchana ule.

Nilirudi ndani nikaanza kukusanya bakuli. Hasifa akanipokonya. Aliniambia niache, wageni hawaoshi vyombo. Simlaumu mke wako, alikuwa anakulinda wewe, lakini nataka ujue kwamba mambo yote yaliyosemwa Koboko juu yangu mwaka mzima hayakunichoma kama hilo. Katika nyumba ambayo niliosha vyombo tangu kimo changu kikiwa chini ya beseni, nikaambiwa ni mgeni.

Mama hakunigombeza. Nilimfuata jikoni nikamweleza yote, Kwaresima, Ijumaa, nyama, nikimwambia kwamba leo hata nyama ya padri mwenyewe nisingeigusa. Alikuwa amenipa mgongo, anakata paja la ng'ombe lililobaki, kipande kwa kipande, vyembamba na virefu, anavipaka chumvi. Nilidhani hanisikii. Kisha akaniuliza mwezi wetu unaonekana lini. Nikamwambia sisi hatungoji mwezi, tuna tarehe. Halafu nikakumbuka somo la Ezati, nikajisahihisha, nikamwambia kwamba Pasaka nayo inafuata mwezi, ni Jumapili inayokuja baada ya mwezi mpevu. Akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza mchana ule. Akasema kumbe na nyinyi munangoja mwezi. Akarudi kwenye nyama yake. Jioni nikarudi Arua.

Sasa nimrudie Shangazi. Alikuja kwangu jana, Jumapili ya Matawi, ametoka Koboko, amekaa kwenye kiti changu kimoja kizuri akilia kabla hata ya salamu. Ndipo nikaambiwa. Ile Ijumaa aliponisikia nikisema nimefunga, alitoka shuleni akampigia Mama simu, akakupigia na wewe, akasema Kadijah amerudi. Amefunga Ramadhani, nimemwona kwa macho yangu, midomo imemkauka. Kwa hiyo wewe ulimnunua ng'ombe yule ukiwaza kwamba dada yako amerudi. Ulimwita Mzee Ramathan awe shahidi. Uliniweka kwenye sinia la wanaume na kunimegea kipande cha kwanza ili wote waone. Nami, mbele ya wote, nikaukataa mkono wako.

Umaru, mimi sikujua. Wallahi sikujua, na kama Wakristo hawaapi hivyo basi nitatubu kesho. Ningejua, ningekupigia simu usiku huohuo nikakuambia ukweli, kwamba sijarudi na sitarudi, ila nakuja kula Idi na nyinyi. Ungekasirika wiki moja, kisha ungeninunulia soda. Shangazi anasema kosa ni lake. Nimemkatalia. Alisikia nilichosema, na nilichosema kilikuwa kweli, tena kwetu neno hilo lina maana moja, hasa mwezi ule. Mimi ndiye niliyekuwa nimelihamishia nyumba nyingine bila kumwambia mtu.

Na lile jingine nalo ni la kwangu. Mimi, ninayesimama mbele ya darasa kila Jumatatu kuwafundisha watoto wa watu hii na hiyo na ile, nilikosea hii. Nilitaka kusema leo. Leo sili nyama, kaka. Basi. Nyama yoyote, ya bucha, ya bwana harusi, ya askofu. Lakini ulikuwa umeniletea ini karibu na mdomo, macho yangu yako juu yake, Kiswahili cha kambini kikanitoka chenyewe, nikasema nyama hii. Na nyama hii maana yake ni yako, uliyoichinja wewe, kwa jina la Mungu kama unavyomwita wewe. Ningekuwa mahali pako ningenawa mikono vilevile. Kwa neno hilo nakuomba radhi, kwa moyo wote, bila kuongeza lakini.

Kwa kukataa kwenyewe sikuombi radhi, na hapa kuna jambo ambalo hata Mama sijamwambia. Wiki moja kabla ya Idi nilikwenda kwa paroko. Nilimweleza sharti lako, nilimweleza Idi imeangukia Ijumaa. Alinisikiliza, akasema hataki sheria ya Ijumaa ivunje nyumba ya mjane. Akaniruhusu. Aliniambia nikiona nyama italeta machungu, nile kwa amani, nifidie kwa sadaka siku nyingine. Kwa hiyo pale kwenye sinia, mkono wako ukiwa mbele yangu, sheria haikuwa imenifunga hata kidogo. Nilikuwa na ruhusa mfukoni. Ningefungua mdomo tu, na leo ungekuwa unapokea simu yangu.

Unajua kilichonijia kichwani? Pakwach. Ule mwaka tulipohama kambi katikati ya Ramadhani, mimi na wewe juu ya magodoro nyuma ya lori la jeshi, na jua kali kiasi kwamba bati la lori lilikuwa haligusiki. Pale Pakwach wanajeshi wote walishuka kunywa soda na kula samaki, kwa kuwa msafiri ameruhusiwa. Mzee Ramathan alimletea Baba soda baridi, akamwambia kula ndugu yangu, ruhusa iko. Baba akaicheka ile soda, akakupa wewe. Akasema ruhusa iko ya mutu ya kuchoka, na yeye bado hajachoka. Muulize Mzee Ramathan, yeye ndiye aliyekuwa na chupa mkononi. Wewe na mimi tuliigawana soda ile, na tangu siku hiyo nilijua ninataka kuwa mtu wa namna gani.

Basi ulipoleta ini, nikajipima. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na hofu, nilikuwa na ruhusa. Lakini nilikuwa sijachoka. Ndiyo maana nimeandika kurasa zote hizi, kaka, ili nikuambie kwamba aliyeukataa mkono wako pale hakuwa padri wala Ezati. Alikuwa binti ya Baba, anafanya lile alilomwona Baba akilifanya, ila katika mfungo mwingine. Wewe ulisema siku nitakapokataa sinia nitakuwa nimetoka katika nyumba ya Baba. Mimi nakuambia kwamba sijawahi kukaa ndani yake kama nilivyokaa mchana ule. Kama utasema hapana, njoo uniambie usoni, maana katika hili sitanyamaza.

Imebaki kitu kimoja. Shangazi alipomaliza kulia jana, alitoa kwenye kikapu kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa kitambaa cha Mama, kile chenye ua jekundu. Nilipofungua harufu ikajaa chumba kizima. Ni nyama ya kukausha, vile vipande vyembamba na virefu. Kumbe mchana ule nilipokuwa nikimweleza mgongo wa Mama mambo ya Kwaresima, alikuwa ameshaelewa kabla sijamaliza, na alikuwa ananiwekea fungu langu. Aliitundika juu ya moto, kama Bibi alivyokuwa akifanya, akawa anaigeuza kila siku na kuwafukuza paka, na Hasifa akisaidia. Ndiyo, mke wako alisaidia, Shangazi amemwona. Mama amemtuma aniambie maneno haya tu, kwamba mwezi wangu ukishatoka nianze na ya kaka yangu.

Kopo nimeliweka juu ya kabati. Sijaonja. Jumapili hii ni Pasaka. Nikitoka misa nitaiponda na kuipika na karanga na simsim, nitasonga ugali wa muhogo, na chai itakuwa na sukari mpaka kijiko kisimame. Nimemwalika Ezati na mke wake, na Shangazi amesema hakosi. Ukija utakaa pale ambapo Baba angekaa. Ukiwa na shaka na vyombo vyangu, leta sinia la Mama. Na kama foleni ya Oraba haikuruhusu, sitakasirika, ila usije ukasema hukualikwa.

Nisalimie Hasifa, mwambie akija Arua nitamwachia vyombo vyote aoshe, tutakuwa sawa. Watoto wabusu mmoja mmoja. Mzee Ramathan mpe heshima zangu, umkumbushe ile soda. Mama nimeshampigia, tumeongea mpaka salio likaisha. Mungu akulinde huko mpakani, na kifua chako unywee tangawizi.

Ukija Jumapili, umege wewe mwenyewe kipande cha kwanza, kama siku ile, uninyooshee mkono mbele ya watu. Nimefanya mazoezi ya sentensi yangu, na safari hii kila neno liko mahali pake. Kaka, nitakula nyama hii.

Ni mimi dada yako,
Margarita kanisani, na kwako siku zote
Kadijah